PAKA KAPELEKWA HOSPITALI MNATUKANA, MBWA KANG'OLEWA JINO KWA KOLEO MNACHEKA! JAMANI TUNA AKILI KWELI?

Leo naomba tuache kidogo habari za nani kamwaga nani na nani kahamia mjengo mpya. Wiki hii kumetokea ishu mbili mitandaoni, zote za mastaa wetu, zote za meno, na zote za wanyama wanaofuga. Na zote mbili mashabiki mmehukumu kinyumenyume. Anayestahili pongezi mmemtukana mpaka kafunga komenti. Anayestahili kusemwa mmemwagia vikopa na moto. Hapo ndo nikasema hapana, hili siliachi lipite.

Majina sitaji. Mnawajua, na wenyewe wanajijua.

Ishu ya kwanza ni ya mwanadada mmoja wa bongo muvi. Ana paka mweupe wa manyoya marefu, yule mwenye akaunti yake mwenyewe na wafuasi kuliko wasanii chipukizi wengi. Dada kaposti picha paka katoka hospitali ya wanyama, shingoni kavalishwa ile koni ya plastiki, kalegea. Kaandika kwamba daktari kamng'oa meno yote kwa sababu fizi na koo vilikuwa vimevimba mpaka paka hali. Lo! Nusu saa haijaisha, watu wameshajaa. "Mkatili wewe." "Umemfanya paka wa watu kibogoyo, atakula nini?" "Kiki za kijinga." "Watu hawana hela ya kung'oa jino lao, wewe unalipia paka!"

Ishu ya pili ni ya kaka mmoja wa bongofleva. Huyu ana kale kambwa kadogo ka kubeba kwenye begi, ambako mwenyewe alijisifia kuwa kakanunua kwa bei ya bodaboda mpya. Kaposti klipu. Vijana wawili wamekashikilia kambwa juu ya meza ya studio, wa tatu ana koleo, ndiyo, koleo la fundi umeme. Kambwa kanalia, jino linatoka, damu inachuruzika, studio nzima inacheka na biti linapigwa kwa nyuma. Maelezo yake: "Dogo alikuwa na meno mawili mawili, tumemsaidia, dentisti wa kitaa." Kisha akamalizia kuwa anayefuata ni mbwa mkubwa wa getini, atatolewa chonge zote nne ili asiwang'ate wageni. Komenti? Vicheko juu ya vicheko. "Brazameni umetisha." "Nitumie namba ya huyo fundi."

Haya, tukae chini tuongee kama watu wazima.

Tuanze na paka, maana ndiye aliyezua matusi. Paka mkubwa ana meno 30. Wengi mnadhani akitolewa hayo meno ndo mwisho wake, atakufa njaa. Si kweli. Paka hatafuni chakula kama sisi tunavyotafuna ugali na nyama choma. Meno yake yameumbwa kwa ajili ya kuua windo na kukata nyama vipande, kisha anameza. Sasa huyu paka wa staa anawinda nini? Chakula kinamkuta kwenye sahani. Paka aliyetolewa meno akishapona anakula chakula laini bila shida, na wengine wanarudi hata kwenye zile punje kavu, wanazimeza nzima.

Kuna ugonjwa ambao kinga ya mwili wa paka inakasirikia ule uchafu unaojijenga kwenye meno, inapigana nao kupita kiasi, mpaka fizi, kuta za mdomo na nyuma kabisa kooni vinakuwa vyekundu kama nyama mbichi. Paka anatokwa mate, ananuka mdomo, anakwenda kwenye sahani, anaonja, anaruka nyuma kwa maumivu. Anakuwa na njaa na chakula anakiona, ila hawezi. Dawa za kutuliza zinasaidia kwa muda, zikiisha mambo yanarudi palepale. Tiba ambayo madaktari wa wanyama duniani wanaitegemea kwa ugonjwa huu ni kung'oa magego yote, na ikibidi meno yote. Si wote wanaopona kabisa, lakini wengi wanapata nafuu kubwa.

Halafu kuna tatizo lingine la paka, seli za mwili wake zenyewe zinaanza kulila jino, kuanzia kwenye shingo ya jino pale linapokutana na fizi. Kwa nje unaweza kuona kama kidoa tu chekundu. Huwezi kuliziba likapona. Linatolewa.

Kwa hiyo yule dada hakumfanyia paka ukatili. Alimpeleka kwa daktari, paka akalazwa kwa nusu kaputi, akafanyiwa kazi akiwa hajui kitu, akapewa dawa za maumivu, akarudi nyumbani na koni yake. Alifanya kile ambacho mwenye mnyama anatakiwa kufanya. Na mkamtukana. Paka kibogoyo asiye na maumivu ana maisha bora kuliko paka mwenye meno 30 na mdomo unaowaka moto. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mdomo wa yule paka hukuwa wewe unaoubeba.

Sasa twende kwa kaka yetu wa koleo, na hapa sitamung'unya maneno.

Kwanza, niwe mkweli: shida aliyosema ipo. Mbwa mdogo anazaliwa bila meno, anaota meno ya utoto 28, halafu kati ya miezi kama minne na saba yanadondoka na kupisha meno ya ukubwani 42. Kwa hivi vijibwa vidogo vya begi, mara nyingi jino la utoto linagoma kutoka wakati la ukubwani limeshachomoza pembeni yake. Unakuta chonge mbili zimesimama kama mapacha. Chakula kinanasa katikati, fizi inaoza, na jino jipya linakaa upande. Kwa hiyo ndiyo, lile la utoto linatakiwa litolewe. Hapo kaka hakukosea.

Ila namna! Chonge ya mbwa, hata ya utoto, unayoiona ni sehemu ndogo. Mzizi uliozama ndani ya taya ni mrefu kuliko kinachoonekana nje, halafu umepinda. Hauchomoki kama msumari kwenye mbao. Daktari analegeza taratibu nyuzi zinazolishikilia jino, pande zote, mpaka liachie lenyewe. Ukilivuta kwa koleo mambo ni mawili. Ama linakatika, mzizi unabaki ndani, unaoza, usaha unajikusanya kimya kimya. Ama unavuta na usichotaka kuvuta. Taya la chini la kambwa ka kilo mbili ni jembamba, na mzizi wa chonge ya ukubwani umechukua sehemu kubwa ya taya hilo. Ukitumia nguvu, unalivunja. Na chonge za juu za ukubwani zimepakana na pua, kuna ukuta mwembamba tu wa mfupa katikati. Ukiupasua, unaacha tundu, mbwa anakunywa maji yanatokea puani.

Ndo maana daktari anapiga eksirei ya jino kwanza, kuona mzizi ulivyokaa na kama mfupa umeliwa. Lile gego kubwa la juu la mbwa, la kupasulia mifupa, lina mizizi mitatu. Halivutwi kabisa. Linakatwa vipande kwa mashine, kila mzizi unatolewa peke yake, kisha fizi inashonwa. Hiyo ni operesheni, wadau. Sasa niambieni, vijana wawili wa kushikilia na mmoja wa koleo wameona eksirei gani? Ganzi iko wapi? Dawa ya maumivu iko wapi?

"Mbona hakafa?" Hilo ndo jibu lenu. Sawa, hakafa. Na wewe ukifungwa mikono ukang'olewa gego bila ganzi hufi. Utakubali? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na mbwa kula kesho yake si ushahidi kuwa haumwi. Mbwa na paka wanaficha maumivu, ni asili yao, mnyama anayeonyesha udhaifu porini analiwa. Jino linauma, anatafunia upande wa pili. Fizi inaoza, anaendelea kutingisha mkia. Wewe unasema yuko freshi, kumbe anaishi na jipu mdomoni miezi na miezi.

Haya, tuje kwenye ile ya chonge za mbwa wa getini, maana hii ndiyo iliyoniudhi kuliko zote. Ya kambwa angalau palikuwa na shida ya kweli. Huyu wa getini meno yake ni mazima. Anataka kuyatoa ili mbwa "apoe".

Hesabu ndogo tu. Mbwa ana meno 42. Ukitoa manne yanabaki 38. Pia nguvu ya kung'ata haiko kwenye chonge, iko kwenye taya. Mbwa asiye na chonge anakubana mkono na kukuponda vizuri tu. Kinachomfanya mbwa ang'ate ni hofu, maumivu, au maisha mabovu: kafungwa mnyororo mfupi juani tangu asubuhi, hajawahi kuzoeshwa watu, watoto wa jirani wanamrushia mawe. Sasa umemwongezea na maumivu ya mdomo. Umemtuliza au umemchochea?

Na kuna jambo zito hapa ambalo si la utani. Kichaa cha mbwa kipo nchini, na kinaua watu. Kinaenezwa na mate yenye virusi, na yanaweza kuingia hata kwenye mchubuko mdogo. Kutoa chonge hakuzuii kitu. Kinachozuia ni chanjo. Sasa staa mwenye mamilioni ya wafuasi anawafundisha vijana kwamba mbwa salama ni mbwa aliyeng'olewa meno. Kuna mtoto mahali ataamini mbwa asiye na chonge hana madhara. Sikilizeni niwaambie sasa hivi: ukiumwa au ukichubuliwa na mbwa, awe na meno au hana, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanzishiwe chanjo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Hilo ndilo la kuposti!

Wenzetu walishalimaliza suala hili zamani. Marekani, Idara yao ya Kilimo ilitamka mwaka 2006 kwamba kuwang'oa chonge au kucha simba, chui na nyani wanaofugwa kwa maonyesho si matibabu yanayokubalika. Chama cha madaktari wa wanyama cha hukohuko nacho kinapinga kutoa meno mazima ya wanyama walao nyama bila sababu ya kitabibu. Kama simba wa maonyesho haruhusiwi kung'olewa meno ili awe mpole, mbwa wako wa getini kakosa nini?

Na msiseme hayo ni ya Wazungu. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inakataza kumtesa mnyama bila sababu. Tuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inayotaka wanaotibu wanyama wasajiliwe. Chuo cha Sokoine pale Morogoro kinafundisha madaktari wa wanyama miaka yote hii. "Dentisti wa kitaa" hayumo humo.

Najua mnachotaka kuandika. "Wewe unatetea mbwa wakati watu hawana hela ya hospitali." Hoja hii naiheshimu, maana ni kweli maisha ni magumu. Lakini angalia unamwambia nani. Simsemi mzee wa Chanika mwenye mbwa wa kulinda banda la kuku, anayekula makombo na kuishi kwa rehema za Mungu. Huyo akipata tu chanjo ya kichaa, tushukuru. Namsema mtu aliyenunua mnyama kwa bei ya bodaboda, akamnunulia begi, miwani na kofia, akapata kiki na matangazo kupitia huyohuyo mnyama, halafu siku ya jino anaona hela ya daktari ni wizi. Hakulazimishwa na mtu kufuga. Aliyemudu begi anamudu daktari.

Wengine mmeleta dini. "Mbwa ni najisi, kwa nini tumlilie?" Wadau, najisi ni suala la twahara, si kibali cha kutesa. Waislamu humu mnakijua kisa cha aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu, na cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa njaa. Na Wakristo mnajua kwamba mwenye haki anatazama hata uhai wa mnyama wake. Kwa hiyo dini msiitumie kama koleo.

Na tukiongea ukweli kabisa, hata hizo ziara za kung'olewa zisingekuwa nyingi hivi kama mastaa na nyie mashabiki mngejali meno mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Meno ya mbwa na paka yanajenga utando wa uchafu kila siku, kama yetu. Usipotolewa, ndani ya siku chache unaanza kuwa mgumu, unageuka ukoga wa kahawia unaouona pembeni ya magego. Ukoga unasukuma fizi, vijidudu vinaingia chini, mfupa unaliwa, jino linalegea. Vijibwa vidogo ndo vinaumia zaidi, kwa sababu vina meno 42 yaleyale ya mbwa mkubwa, ila yamebanwa kwenye kidomo cha kijiko. Paka na mbwa wa nyuso bapa nao hivyohivyo.

Kwa hiyo ile harufu ya mdomo mnayoiita "harufu ya mbwa" siyo ya kawaida. Ni ugonjwa unapiga hodi.

Nawapa dondoo chache, za bure, kuliko klipu ya koleo:

Mswaki. Mzoeshe akiwa mdogo, kila siku kama unaweza, hata kwa kitambaa safi kilichofungwa kidoleni. Dawa ya meno iwe ya wanyama. Ya kwetu hatemi, anaimeza, na baadhi zina sukari mbadala iitwayo zailito ambayo ni sumu kwa mbwa.

Mifupa migumu na mawe acha. Kama kitu huwezi kukibonyeza hata kidogo kwa kucha, kinaweza kumpasua jino. Mifupa iliyopikwa ndo kabisa, inavunjika vipande vyenye ncha.

Usimpe vidonge vyako vya maumivu. Hii ishike sana: panadol inaua paka, hata kidonge kimoja tu. Mwili wake hauwezi kuivunja. Na ibuprofeni ni hatari kwa mbwa na paka.

Usidanganywe na watu wanaokwangua ukoga mnyama akiwa macho. Wanang'arisha nje, ugonjwa uko chini ya fizi. Madaktari bingwa wa meno ya wanyama wanalipinga hilo.

Na ukiona anatokwa mate, anakuna mdomo, anadondosha chakula, au uso umevimba chini ya jicho, mpeleke kwa daktari aliyesajiliwa. Uliza kama atalazwa kwa nusu kaputi, uliza kama atapewa dawa ya maumivu, uliza kama wanaweza kupiga eksirei. Daktari mzuri hakasiriki ukiuliza.

Kaka yetu wa bongofleva, najua vijana wako wa timu watakufikishia. Sikuchukii, nyimbo zako nasikiliza. Ila jino la pembe si dawa ya pengo, na kuifuta ile klipu peke yake si dawa ya kambwa kako. Kapeleke kwa daktari kesho, mdomo uangaliwe kama kuna mzizi uliobaki au taya limepata ufa. Na yule wa getini mwache na chonge zake, mfungulie mnyororo, mpe kivuli, mpe chanjo. Halafu uposti hiyo, nakuhakikishia wa kwanza kulaiki nitakuwa mimi.

Na nyie mliomtukana dada wa paka, komenti zake kafunga lakini meseji za ndani ziko wazi. Mnajua cha kumwandikia.

Povu ruksa hapo chini. Matusi yakija peke yake bila hoja nayafuta.